Magari madogo ya Safari Rally: Uhalisia hutokana na kipimo, si wingi wa vitu

Na Mwandishi Wetu

GARI lenyewe lina urefu wa sentimita 17 tu. Rangi yake ni nyekundu, boneti ni nyeusi isiyong'aa na milangoni lina namba 11. Mtu aliyefuatilia mashindano ya magari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 hahitaji kuambiwa kuwa hiyo ni Datsun 240Z, ambayo Edgar Herrmann, aliyekuwa mkazi wa Kenya, na msoma ramani wake Hans Schüller waliitumia kushinda mashindano ya Safari mwaka 1971.

Kampuni ya Hasegawa ya Japan imewahi kutoa seti ya vipande vya plastiki vya gari hilo. Anayeinunua hukata vipande, huviunganisha kwa gundi, hupaka rangi na kubandika namba na maandishi. Akifuata maelekezo yaliyomo ndani ya boksi, mwishoni atakuwa na gari linalofanana na lile la mwaka 1971.

Hata hivyo, modeli hiyo ikiwekwa karibu na picha ya gari halisi iliyopigwa njiani, mara nyingi huonekana wazi kuwa ni mwanasesere. Umbo ni lile lile, rangi ni ile ile na namba ni ile ile, lakini jicho halidanganyiki.

Swali ambalo waundaji wa modeli katika nchi mbalimbali wamekuwa wakilijadili kwa miaka mingi ni hili: ni kitu gani kinachopungua?

Wengi wanaoanza hudhani kinachopungua ni vitu. Kwa hiyo huongeza nyaya, boliti, nembo na matope. Matokeo yake huwa kinyume cha walichotarajia, kwa kuwa kila kinachoongezwa bila kipimo na bila sababu hulifanya gari lizidi kuonekana la bandia.

Uhalisia wa modeli hutegemea mambo matatu: ukubwa sahihi wa kila kitu, sababu ya kila alama iliyopo juu ya gari, na ushahidi wa picha.

Hesabu ya 24

Modeli nyingi za magari zinazounganishwa kwa mkono hutengenezwa kwa skeli ya 1/24 au 1/25. Skeli ya 1/24 hupendelewa zaidi na viwanda vya Japan na Ulaya, wakati 1/25 ilijengeka zaidi Marekani, ambako kampuni kama AMT ilianza kwa kutengeneza magari madogo ya matangazo kwa ajili ya wauzaji wa magari.

Maana ya 1/24 ni kwamba kila kipimo cha gari halisi kimegawanywa kwa 24. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ya Datsun 240Z ni milimita 2,305, hivyo kwenye modeli unapaswa kuwa milimita 96.

Vipimo vikubwa kama hivyo kwa kawaida si tatizo, kwa kuwa kiwanda kimekwisha kuvihesabu. Tatizo lipo kwenye vipimo vidogo ambavyo kiwanda hakikuweza kuvifikia, na hasa unene wa plastiki.

Bati la bodi ya gari halisi huwa na unene usiofika au unaokaribia milimita moja. Plastiki ya modeli nayo huwa na unene wa milimita moja au zaidi. Milimita moja hiyo ikizidishwa kwa 24 inakuwa milimita 24, ambao ni unene wa ubao wa meza. Hakuna gari lililowahi kuundwa kwa bati la unene huo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mtu anayetafuta uhalisia si kuongeza bali ni kupunguza. Kwa kisu na msasa laini, hukwangua kwa ndani kingo za plastiki zinazoonekana, kama vile kingo za bodi juu ya matairi, pembe za bampa na sehemu ya chini ya milango. Si lazima plastiki yote iwe nyembamba, kwani jicho huona ukingo tu na kutoka hapo hukadiria unene wa bati zima.

Kazi hiyo huchukua saa chache na haigharimu kitu, lakini hubadili sura ya gari kuliko vipande vingi vya kununua.

Kipimo cha hatua kumi

Ipo njia nyepesi ya kuamua kitu gani kiongezwe na kipi kiachwe. Mtu anapoitazama modeli ya 1/24 kwa umbali wa sentimita 30, ni sawa na kulitazama gari halisi kwa umbali wa mita 7.2, yaani kama hatua kumi za mtu mzima.

Anayetaka kujua kilicho muhimu anaweza kwenda mahali penye magari, akasimama hatua kumi kutoka gari mojawapo na kuangalia. Ataona nafasi nyembamba kati ya mlango na bodi, kivuli cheusi nyuma ya matundu ya rejeta, vioo vya taa, waipa, mikanda ya viti na vumbi lililotulia sehemu za chini. Hataona mistari ya kila boliti wala maandishi madogo ya pembeni mwa plagi.

Mfano mzuri ni unywele wa binadamu. Ukiwa na unene wa milimita 0.07, kwenye skeli ya 1/24 unakuwa sawa na waya wa milimita 1.7. Kwa maana hiyo, uzi mnene wa kushonea unaowekwa injini kama waya wa plagi huweza kuonekana mnene kama bomba la kumwagilia bustani.

Hatari ya vipande vilivyotiwa chumvi inaonekana hata kwenye mashindano ya modeli. Chama cha kimataifa cha waundaji wa modeli za plastiki, kinachojulikana kwa kifupi kama IPMS, kilianzishwa Uingereza mwaka 1963, na leo kina matawi katika nchi nyingi. Katika mashindano ya namna hiyo, mambo ya msingi ndiyo hupewa uzito kwanza: maungio yasiyoonekana, magurudumu yote manne kugusa meza, rangi isiyo na michirizi na vioo visivyo na alama ya gundi. Injini yenye nyaya nyingi haiokoi gari ambalo gurudumu lake moja limening'inia hewani.

Rangi na mng'aro wake

Baada ya unene, jambo la pili linalofichua modeli ni rangi. Chembe za unga wa metali zilizomo kwenye rangi za magari makubwa huonekana kama punje za mchanga zikipakwa kwenye gari dogo. Kwa sababu hiyo, rangi ya gereji haifai kila mara, hata kama ni ile ile iliyotumika kwenye gari halisi.

Rangi hupulizwa kwa tabaka nyembamba kadhaa badala ya tabaka moja nene. Tabaka nene hujaza mistari ya milango na boneti, na mistari hiyo ikishajaa, gari huonekana kama kipande kimoja cha sabuni. Waundaji wazoefu huchimba mistari hiyo kidogo zaidi kwa ncha ya kisu kabla ya kupaka praima.

Rangi ikishakauka, mistari hujazwa rangi nyepesi iliyoyeyushwa sana ili ionekane kama kivuli. Hapa kosa la kawaida ni kutumia rangi nyeusi tupu. Kwenye gari jekundu kama lile la mwaka 1971, kivuli cha mlango si cheusi bali ni cha hudhurungi iliyokoza. Kwenye gari jeupe, kijivu hutosha. Nyeusi tupu hulifanya gari lionekane limechorwa kwa kalamu.

Hata matairi si meusi. Raba iliyotembea barabarani huwa ya kijivu kilichokoza, na sehemu inayogusa ardhi huwa imesagika. Matairi ya modeli hutoka kiwandani yakiwa yanang'aa, na mara nyingine yakiwa na mstari wa maungio katikati. Kuyasugua kwa msasa huondoa mng'aro na mstari kwa pamoja, na tairi huonekana limekwisha kutembea.

Mng'aro nao hauwi sawa gari zima. Boneti nyeusi ya Datsun ya Safari haikung'aa, na hiyo ilikuwa na sababu: boneti inayong'aa hurudisha mwanga wa jua machoni mwa dereva. Anayepaka boneti hiyo rangi ya kung'aa kama bodi anakuwa amefuta sababu ya kuwapo kwake.

Vyuma vya kung'aa, kama fremu za vioo, havipakwi rangi ya fedha kwa brashi. Wengi hubandika karatasi nyembamba sana ya alumini yenye gundi, maarufu kwa jina la Bare-Metal Foil, kisha huikata kwa wembe mpya kufuata umbo. Karatasi hiyo hung'aa kama chuma kwa sababu yenyewe ni chuma.

Taa, vioo na injini

Taa za mbele ni kama macho ya mtu, kwani mtazamaji huanza kuziangalia hizo. Katika seti nyingi, kioo cha taa hushikiliwa na kijiti cha plastiki kinachopita katikati ya taa, na kijiti hicho huonekana kwa nje kama mboni nyeusi. Hakuna taa halisi yenye mboni. Kukikata kijiti, kuziba tundu, kupaka ndani rangi ya fedha na kubandika kioo kwa gundi nyeupe ya mbao ni kazi ya muda mfupi yenye faida kubwa.

Gundi nyeupe ndiyo inayofaa kwa vioo vyote. Gundi kali inayokauka kwa sekunde chache hutoa mvuke, na mvuke huo huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu. Modeli nyingi zilizofanyiwa kazi kwa wiki kadhaa zimeharibikia hapo, zikiwa zimebakiza hatua ya mwisho.

Kwa upande wa injini, zipo seti zisizo nayo kabisa na boneti yake haifunguki. Kwa seti yenye injini, kinachotakiwa ni kuelewa inavyofanya kazi kabla ya kuongeza waya hata mmoja.

Injini ya Datsun 240Z ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kwa hiyo kutoka kwenye distributa hutoka nyaya sita kwenda kwenye plagi, na waya wa saba hutoka kwenye koili kuja katikati ya distributa. Anayeweka nyaya nane kwa sababu zinapendeza anakuwa ameunda injini isiyoweza kuwaka.

Waya wa plagi wa gari halisi una unene wa milimita saba hivi. Ukigawanywa kwa 24 unakuwa milimita 0.3. Waya wa unene huo hupatikana ndani ya nyaya za simu za zamani na za visikilizio vilivyokufa, baada ya kuchuna ganda la nje. Tundu la kuuchomeka hutobolewa kwa drili ndogo ya kuzungushwa kwa vidole.

Aidha, nyaya na mipira ya maji katika gari halisi huning'inia kwa uzito wake. Waya ulionyooka kama rula hauonekani kuwa waya. Kuukunja kidogo, ili ushuke kabla ya kupanda, hutosha kumfanya mtazamaji aamini.

Ofisi ya watu wawili

Ndani ya gari la mashindano ya masafa marefu palikuwa ni ofisi ya watu wawili kwa siku kadhaa. Katika miaka hiyo Safari ilikuwa na urefu wa kilomita zaidi ya 5,000, na dereva na msoma ramani waliishi humo mchana na usiku.

Mbele ya msoma ramani palikuwa na mita za kupimia umbali, na katika magari mengi ya wakati huo zilikuwa za aina ya Halda. Palikuwa pia na taa ndogo yenye shingo ya kupinda kwa ajili ya kusomea usiku. Nyuma walibeba tairi la akiba moja au mawili, jeki, kamba ya kuvutia na vifaa vya kujinasulia matopeni.

Mikanda ya viti ndiyo hubadili zaidi mwonekano wa ndani. Seti nyingi huwa na mikanda iliyofinyangwa kwenye plastiki ya kiti, au picha yake ya kubandika. Mkanda wenye upana wa milimita 50 huwa milimita mbili kwenye modeli. Hukatwa kutoka karatasi nyembamba au karatasi ya alumini ya jikoni, hupakwa rangi isiyong'aa, kisha hulazwa juu ya kiti kwa namna ambayo mkanda ulioachwa na mtu aliyeshuka kwa haraka ungelala.

Buckle za mikanda huuzwa zikiwa zimechongwa kwa asidi kutoka bati jembamba la shaba. Ni moja ya maeneo machache ambako kununua kipande hushinda kukitengeneza, kwa sababu plastiki haiwezi kufinyangwa kuwa nyembamba kiasi hicho.

Sakafu ya gari hufunikwa kwa unga wa nyuzi laini ili ionekane kama zulia. Lakini gari la mashindano huweza kuwa halina zulia kabisa, kwa ajili ya kupunguza uzito. Kuweka zulia pasipo zulia ni kosa sawa na kuliacha pale lilipokuwapo.

Udongo una anwani

Eneo ambalo modeli za magari ya Safari hukosewa zaidi ni vumbi na matope, na hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki ana jambo la kuwafundisha wengine.

Muundaji aliyeko Ulaya, ambaye hajawahi kufika huku, huchukua rangi ya hudhurungi iliyoandikwa "matope" kwenye chupa na kuipaka gari zima. Lakini udongo wa Safari haukuwa wa rangi moja. Udongo wa Taita na Tsavo ni mwekundu. Katika nyanda za kusini mwa Nairobi upo udongo mweusi wa mfinyanzi, unaonata kama gundi mvua inaponyesha. Katika Bonde la Ufa, upande wa Naivasha, lipo vumbi laini kama unga lililotokana na majivu ya volkano, na rangi yake huelekea kijivu.

Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi mashindano hayo yalifanyika wakati wa Pasaka, ambao huangukia msimu wa masika. Gari lingeweza kuingia kwenye tope asubuhi na kupita kwenye vumbi mchana, kwa hiyo tope lililokauka lilifunikwa na vumbi la rangi nyingine. Kwa anayejua kusoma, ubavu wa gari ulikuwa ramani ya njia lililopita.

Kila alama ya uchafu ina sababu. Tope hurushwa na gurudumu, hivyo huwa zito nyuma ya kila tairi na hupungua kadiri linavyopanda juu. Vumbi huvutwa na hewa inayozunguka nyuma ya gari, hivyo sehemu ya nyuma huchafuka kuliko mbele. Mawe hugonga ukingo wa mbele wa boneti na sehemu za chini za milango, hivyo rangi hubanduka hapo na si juu ya paa.

Zipo pia sehemu zinazobaki safi. Kioo cha mbele huwa na nusu duara mbili zilizofagiliwa na waipa. Taa hufutwa kwa kitambaa kwenye vituo. Namba za milangoni hufutwa ili waamuzi wazisome. Karibu na kitasa cha mlango na kwenye ukingo wa boneti huwa na alama za mikono ya mafundi. Modeli isiyo na sehemu safi haielezi kuwa ndani ya gari lile walikuwamo watu.

Kuhusu malighafi, udongo halisi unaweza kutumika, lakini si kama ulivyochotwa. Punje ya mchanga yenye upana wa nusu milimita huwa sawa na jiwe la milimita 12 kwenye skeli ya 1/24. Udongo hukaushwa, husagwa, na huchekechwa kwa kitambaa chepesi hadi ubaki ule unaopeperuka. Kisha huchanganywa na gundi nyeupe na maji kwa ajili ya tope, au hupakwa mkavu kwa brashi laini kwa ajili ya vumbi. Chaki za rangi zilizosagwa hufanya kazi hiyo pia.

Utaratibu ni kuanza na rangi, kisha namba na maandishi, kisha vanishi ya kuyalinda, halafu vivuli, vumbi na mwisho tope. Anayeanza na tope hana pa kurudi. Ni vema pia kuacha kabla ya kuridhika, kwa kuwa kuongeza uchafu kesho yake ni rahisi, lakini kuuondoa hulazimu kuosha na kuanza upya.

Picha ni shahidi

Hakuna maelezo yanayoweza kuchukua nafasi ya picha. Hata hivyo, picha nazo zinahitaji kusomwa kwa makini. Gari lililopigwa picha siku ya kuanza si lile lililofika mwisho. Njiani taa huvunjika, bampa hupinda, na vipande hubadilishwa na mafundi.

Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa nchini Japan katika mkusanyiko wa magari ya kihistoria ya Nissan. Lakini gari la makumbusho nalo huwa limesafishwa na kukarabatiwa. Muundaji anapaswa kuamua kwanza anaunda gari la siku gani: la asubuhi ya kuanza, la katikati ya safari, au la makumbusho. Makosa mengi hutokana na kuchanganya siku hizo tatu kwenye gari moja.

Magari ya Safari yalikuwa na alama zake ambazo hazikuonekana kwenye mashindano ya Ulaya. Kwa miaka mingi yalifungwa vyuma imara mbele kwa ajili ya wanyama, na baadhi yalikuwa na taa zilizowekwa juu pembeni ili watu na mifugo walione gari mapema hata mchana. Katika miaka ya 1990 yaliongezewa bomba la kuvuta hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, ili injini isimeze maji na vumbi. Bomba hilo lilionekana tena baada ya Safari kurejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ambako ilikuwa nje tangu mwaka 2002.

Kwa hiyo anayeunda gari la miaka ya 1970 na kulifunga bomba la miaka ya 1990 anakuwa ameandika historia isiyokuwapo. Hilo si jambo dogo. Katika nchi ambako makumbusho ya mashindano hayo ni machache, mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 2002 anaweza kulifahamu gari la Herrmann, au lile la Shekhar Mehta aliyeshinda mwaka 1973, kwa kuona modeli au picha yake tu. Lililokosewa hapo ndilo atakalolibeba.

Tahadhari na gharama

Kazi hii ina madhara kwa asiye makini. Thina na rangi za kupuliza zinapaswa kutumiwa mahali penye hewa ya kutosha na kwa kuvaa barakoa inayofaa. Vumbi la plastiki, na hasa la resini, halifai kuvutwa puani, ndiyo maana wengi hupiga msasa kwa maji. Kisu kikatacho vizuri ni salama kuliko kibutu, kwa sababu hakihitaji nguvu.

Seti zinazoagizwa kutoka nje ni ghali kwa mtu wa kawaida, hasa zikijumlishwa na usafirishaji. Lakini sehemu kubwa ya yale yanayoleta uhalisia hayanunuliwi dukani: wembe, msasa, waya wa simu, penseli ya kusugua kwenye kingo za chuma, gundi nyeupe na udongo wa njiani.

Watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiunda magari ya waya na makopo kwa vizazi vingi, wakikata matairi kutoka kwenye kandambili zilizochakaa na kuweka usukani mrefu wa kusukumia. Katika magari hayo, mtoto huchagua kitu kimoja au viwili alivyoviona kwa macho yake, labda springi za lori au keria ya basi linalopita kijijini, na hivyo ndivyo hulifanya gari litambulike na kila anayeliona.

Tofauti kati yake na mtu mwenye seti ya plastiki mezani ni vifaa tu. Wote wawili wanaanzia kwenye kuliangalia gari halisi kwa muda mrefu kabla ya kushika kisu.